Mkutano wa katiba wa Marekani: nani atahesabu hadi 34?

Ibara ya Tano ya Katiba ya Marekani ni sentensi moja ndefu, na ndani yake mna njia mbili za kupendekeza marekebisho. Ya kwanza ndiyo inayojulikana: Baraza la Wawakilishi na Baraza la Seneti, kila moja kwa theluthi mbili, yanapitisha pendekezo na kulituma kwa majimbo. Ya pili inaanzia chini. Mabunge ya theluthi mbili ya majimbo yakiomba, Bunge la Washington linapaswa kuitisha mkutano wa kupendekeza marekebisho. Kwa majimbo 50 ya leo, theluthi mbili ni 34. Pendekezo likitoka kwa njia yoyote kati ya hizo, haliingii katika katiba mpaka liridhiwe na robo tatu ya majimbo, yaani 38.

Marekebisho yote 27 yalipita njia ya kwanza. Ya pili haijawahi kutumika hata mara moja, ingawa maombi yaliyotumwa kwa Bunge la taifa tangu 1788 ni mamia.

Kila mjadala unapowaka upya, watu hukimbilia swali moja: mkutano ukishaitishwa, nini kitawazuia wajumbe wasiipasue katiba nzima? Ni swali la haki, nami nitalifikia. Lakini kamba hukatikia pabovu, na pabovu hapa ni mapema zaidi ya hapo: kwenye kuhesabu maombi na kwenye kanuni za kikao. Katiba imenyamaza kuhusu yote mawili, na Bunge la Marekani limekuwa na zaidi ya nusu karne ya kuandika sheria ya kuziba ukimya huo bila kuimaliza.

Ukimya wenyewe una tarehe. Tarehe 15 Septemba 1787, siku mbili kabla ya kusainiwa kwa katiba huko Philadelphia, George Mason wa Virginia alisimama kupinga rasimu iliyokuwa mezani. Katika rasimu ile, kila njia ya kurekebisha katiba ilipitia mikononi mwa Bunge la taifa. Mason akauliza: na kama Bunge lenyewe ndilo litakalokuwa tatizo, wananchi watapata wapi dawa? Gouverneur Morris na Elbridge Gerry wakatoa hoja kwamba Bunge lilazimike kuitisha mkutano majimbo yakiomba. James Madison hakuipinga, ila alieleza wasiwasi kuhusu sura ya mkutano huo, akidi yake na mambo ya namna hiyo. Hoja ikapita. Wajumbe walikuwa wamekaa ndani tangu Mei, wamechoka, na hakuna aliyerudi nyuma kujaza alichokitaja Madison. Mashimo yale yako pale pale hadi leo.

Ombi linavyotoka jimboni

Ombi ni azimio la kawaida la bunge la jimbo. Mbunge mmoja huliwasilisha, likaenda kwenye kamati, likarudi ukumbini na kupigiwa kura katika mabaraza yote mawili. Nebraska pekee ina baraza moja, kwa hiyo huko ni kura moja tu. Saini ya gavana haihitajiki, maana anayetajwa katika Ibara ya Tano ni bunge la jimbo. Baada ya kupita, nakala hutumwa kwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, kwa rais wa Seneti na kwa makatibu wa mabaraza hayo, na kwa kawaida kwa mabunge ya majimbo mengine pia, ili nayo yajiunge.

Kila kitu kimo katika maneno ya azimio. Chukua lile la kampeni ya Convention of States, iliyoanzishwa 2013 na Mark Meckler na Michael Farris. Linaomba mkutano kwa mambo matatu tu: kuibana serikali ya shirikisho katika matumizi ya fedha, kupunguza madaraka na mamlaka yake, na kuweka ukomo wa mihula kwa maofisa wake na wabunge. Kisha lina kifungu kinachosema ombi litaendelea kuwa hai mpaka theluthi mbili ya majimbo iwe imeomba jambo hilo hilo. Georgia ililipitisha la kwanza Machi 2014, na kufikia 2022 majimbo 19, Georgia ikiwamo, yalikuwa yamepitisha nakala ileile, karibu neno kwa neno. Kufanana huko kumekusudiwa. Waandishi wake walijua kwamba maombi yanayotofautiana hata kidogo yanaweza kuambiwa hayajumlishwi.

Kila jimbo pia lina utaratibu wake wa ndani. Katiba ya Kansas inadai theluthi mbili ya wabunge ili ombi la namna hii lipite, wakati kwingi wingi wa kawaida unatosha. Wanaounga mkono mkutano hudai kwamba sharti kama hilo halina nguvu, kwa kuwa bunge la jimbo linapotumia Ibara ya Tano linatumia mamlaka lililopewa na katiba ya taifa, na katiba ya jimbo haiwezi kuyabana. Wana kesi ya kuegemea: mwaka 1920, katika Hawke dhidi ya Smith, Mahakama ya Juu ilisema Ohio haiwezi kupeleka suala la kuridhia marekebisho kwenye kura ya maoni ya wananchi wakati katiba ya taifa imelitaja bunge. Lakini kesi ile haikuhusu maombi ya mkutano.

Hesabu

Kwa zaidi ya miaka 200 hakukuwa na daftari rasmi. Ombi lilifika, likachapishwa katika kumbukumbu za Bunge, likapelekwa kwenye kamati ya sheria, likalala. Ni tangu Januari 2015 tu ndipo Baraza la Wawakilishi lilipoweka kanuni ya kutenga maombi hayo na yale ya kuyafuta, na kuyaweka mahali ambapo umma unaweza kuyasoma. Hata hivyo kanuni ile haisemi yanavyohesabiwa. Kukusanya karatasi kwenye jalada moja si sawa na kutamka kwamba zimetimia.

Ugumu unaanza na mada. Je, maombi 34 ni lazima yawe ya jambo moja? Wengi wanasema ndiyo, na nadhani wako sawa: jimbo lililoomba mkutano wa bajeti halikuomba mkutano wa bunduki. Lakini kuna wanasheria waliowahi kudai kinyume chake kabisa, kwamba Ibara ya Tano inajua mkutano wa jumla tu, na ombi lenye mipaka si ombi. Ukiwafuata hao, karibu maombi yote ya miaka hamsini iliyopita ni karatasi tupu.

Halafu kuna umri. Ombi la New York la 1789, lililoomba mkutano mpana baada ya katiba kuridhiwa bila tamko la haki, je, bado lina uhai? Usikimbilie kucheka. Marekebisho ya 27, yanayozuia nyongeza ya mishahara ya wabunge kuanza kabla ya uchaguzi unaofuata, yalipendekezwa 1789 na yakakamilika kuridhiwa 1992. Kama pendekezo la miaka 202 lilikubalika, atakayesema ombi la umri huohuo limekufa atahitaji sababu.

La tatu ni kufuta. Jimbo lililoomba, je, linaweza kubadili nia? Akili ya kawaida inasema ndiyo, kabla ya 34 kutimia. Ila kwenye suala la jirani, la kuridhia, historia haiko wazi hivyo. Mwaka 1868 Ohio na New Jersey zilifuta uridhiaji wao wa Marekebisho ya 14, na zikahesabiwa vilevile. Majimbo matano yalifuta uridhiaji wao wa marekebisho ya usawa wa kijinsia yaliyotumwa 1972, na mzozo wa kama ufutaji huo una maana ulikuwa bado hai Virginia iliporidhia kama jimbo la 38 mnamo Januari 2020.

Maswali haya yanaonekana ya kinadharia mpaka uangalie kampeni ya bajeti isiyo na nakisi. Ilianza miaka ya 1970, na mwaka 1983 Missouri ikawa jimbo la 32. Yalibaki mawili. Hapo hofu ikaingia, na kuanzia 1988, Alabama na Florida zikitangulia, majimbo yakaanza kujitoa moja baada ya jingine, hata takriban nusu yakawa yameondoka kufikia 2010. Kisha upepo ukageuka tena. Florida yenyewe ikarudi, wengine wakafuata, na mwisho wa 2017 waendeshaji wa kampeni walihesabu 28. Wakati huohuo Delaware mwaka 2016, kisha Maryland, New Mexico na Nevada mwaka 2017, yalifuta maombi yao.

Sasa tazama kinachoweza kufanywa na namba hizo. Ukikataa kwamba kufuta kunawezekana, unafika 34 na kuzidi: hoja hiyo ilitolewa Michigan ilipopitisha ombi lake mwaka 2014. Ukikubali kwamba kufuta kunawezekana lakini ukaongeza maombi ya zamani ya jumla kama lile la New York, 28 zinaweza kusukumwa hadi 34: hiyo nayo ni hoja iliyotolewa na watu makini. Na Julai 2022, Jodey Arrington, mbunge wa Texas, aliwasilisha azimio likisema kiwango kilishafikiwa tangu 1979 na kwamba Bunge lina deni la kuitisha mkutano. Azimio halikupita. Ila lilionyesha jambo ambalo kila anayefuatilia suala hili angepaswa kulishika: si lazima jimbo jipya lipitishe chochote. Wingi wa kawaida katika mabaraza mawili ya Washington, siku moja yenye joto la siasa, unaweza kubadili namna ya kuhesabu na kutamka kwamba 34 imetimia. Rais hana sehemu iliyoandikwa katika Ibara ya Tano. Na mahakama? Katika Coleman dhidi ya Miller, 1939, Mahakama ya Juu iliyaita maswali ya muda na ya kubadili nia katika uridhiaji kuwa ya kisiasa, yaani ya Bunge kujiamulia. Hakuna anayeweza kuwa na hakika kwamba majaji wa leo wangerudia hivyo, wala kwamba wasingerudia.

Philadelphia kama ushahidi

Wapinzani wa mkutano wanatoka pande zote. Kulia wamo John Birch Society na Eagle Forum, shirika la Phyllis Schlafly. Kushoto wamo Common Cause na vikundi vya haki za kiraia. Jaji Mkuu mstaafu Warren Burger alimwandikia Schlafly mwaka 1988 kwamba hakuna njia ya maana ya kuuwekea mipaka mkutano wa katiba. Ushahidi wao mkubwa ni 1787. Februari mwaka ule Bunge la Shirikisho la zamani liliidhinisha mkutano kwa lengo moja tu, kurekebisha Kanuni za Shirikisho, katiba ya nchi ya wakati huo, ambazo zilidai ridhaa ya majimbo yote 13 kwa badiliko lolote. Wajumbe wakaja na katiba mpya, iliyojiwekea sharti jipya la majimbo 9.

Upande wa pili, Robert Natelson akiwa mwanasheria wao anayesomwa zaidi, unajibu kwamba mamlaka ya wajumbe yalitoka kwenye hati za uteuzi za majimbo yao, na nyingi kati ya hizo zilikuwa pana kuliko azimio la Bunge. Jibu hilo lina uzito, na watu wengi wanalipuuza kwa sababu hawajazisoma hati zenyewe.

Lakini soma ya Delaware. Iliwakataza wajumbe wake kugusa kanuni ya jimbo moja kura moja. Tarehe 30 Mei, suala la uwakilishi lilipoibuka, George Read alisimama na kusema kwamba uamuzi wa kubadili kanuni ile ungeweza kuwalazimu wajumbe wa Delaware waondoke. Mjadala ukaahirishwa. Wiki zikapita, na maafikiano ya Julai yakatoa Seneti yenye usawa wa majimbo na Baraza la Wawakilishi linalofuata idadi ya watu. Nusu ya katazo ikavunjwa mchana kweupe. Wajumbe wa Delaware wakasaini, na Delaware ikawa jimbo la kwanza kuridhia, tarehe 7 Desemba 1787, bila kura hata moja ya kupinga. New York ilikwenda kwa njia tofauti: Robert Yates na John Lansing waliona mkutano umetoka nje ya agizo lao, wakaondoka Julai, wakamwacha Alexander Hamilton peke yake bila uwezo wa kupiga kura ya jimbo. Kikao kiliendelea bila New York.

Mifano hiyo miwili inanifundisha zaidi kuliko mabishano ya jumla. Agizo la jimbo kwa mjumbe wake lilikuwa halali na lilieleweka. Nguvu yake ilitegemea kama jimbo lenyewe litapenda matokeo. Indiana ilipotunga sheria mwaka 2013 ya kumwadhibu mjumbe anayepiga kura nje ya maagizo, ilifanya jambo la busara, na hukumu ya Chiafalo ya 2020, iliyoruhusu majimbo kuwabana wajumbe wa Electoral College, wale wanaopiga kura ya mwisho ya kumchagua rais, inaipa sheria ya namna hiyo nguvu fulani. Lakini sheria ya Indiana haimfikii mjumbe wa Ohio, na wala haisemi kura iliyokwisha kuhesabiwa kikaoni inafanywaje.

Hapo ndipo kanuni za kikao zinapoingia. Jimbo moja kura moja, kama 1787? Basi Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 inalingana na California yenye takriban milioni 39, na mapendekezo yanaweza kupita kwa majimbo 26 yenye wachache wa watu. Au kwa idadi ya watu? Basi majimbo madogo yatauliza kwa nini yalijisumbua kuomba. Akidi ni ngapi? Pendekezo lipite kwa wingi wa kawaida au theluthi mbili? Nani anawalipa wajumbe, nani anawateua? Nani ana mamlaka ya kumwambia mwenyekiti kwamba hoja iliyo mezani iko nje ya wito? Kampeni ya Convention of States imefanya maigizo ya mkutano kamili huko Williamsburg, Virginia, la kwanza Septemba 2016, na kikao kilikwenda kwa adabu kubwa. Ila waliokuwamo ni watu walioalikwa wakiwa tayari wanaliamini jambo hilo.

Kwa msomaji wa Tanzania, uzito wa kanuni hauhitaji maelezo marefu. Bunge Maalum la Katiba lilipokutana Dodoma Februari 2014 lilikuwa na sheria iliyotaja wajumbe wanapatikanaje na kwamba kila upande wa Muungano upitishe kwa theluthi mbili. Hata hivyo wiki za mwanzo ziliishia kwenye kanuni, hasa kura iwe ya siri au ya wazi. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba iliingia na serikali tatu; Ukawa, umoja wa wapinzani, wakatoka ukumbini Aprili; Katiba Inayopendekezwa ikatoka Oktoba na serikali mbili, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Huko kulikuwa na sheria. Marekani haina hata hiyo.

Ukuta wa 38, na ufa wake

Kwa haki ya wanaounga mkono, kinga ya mwisho ni nene kuliko wapinzani wanavyokiri. Majimbo 13 yakikaa kimya, pendekezo limekufa. Na kwa njia ya mabunge, hata majimbo 13 kamili hayahitajiki: nchi ina mabaraza 99 ya kutunga sheria majimboni, na baraza moja moja katika majimbo 13 likikataa, basi. Majimbo 13 madogo kuliko yote yana chini ya asilimia 5 ya Wamarekani. Pendekezo la kufuta uhuru wa kusema halivuki hapo, wala la kupiga marufuku bunduki, wala la kuzuia utoaji mimba nchi nzima.

Ufa uko kwingine. Bunge ndilo linalochagua kama uridhiaji utafanywa na mabunge ya majimbo au na mikutano maalum ya majimbo. Njia ya mikutano imetumika mara moja, kwa Marekebisho ya 21 yaliyorudisha pombe. Yalipendekezwa tarehe 20 Februari 1933. Utah ikawa jimbo la 36 kati ya 48 tarehe 5 Desemba mwaka uleule. Chini ya miezi kumi. Wajumbe walichaguliwa wakiwa wameshatangaza msimamo, na mabunge ambayo watetezi wa marufuku walikuwa wameyashika kwa miaka yakarukwa. Safari ile ilikwenda vizuri, lakini ilionyesha kwamba vizuizi 99 vinaweza kuondolewa kwa uamuzi wa Washington.

Sheria ya kuziba haya iliwahi kuandikwa. Miaka ya 1960, baada ya Mahakama ya Juu kuamua katika Reynolds dhidi ya Sims, 1964, kwamba maeneo ya uchaguzi ya mabaraza yote mawili ya bunge la kila jimbo yafuate idadi ya watu, Seneta Everett Dirksen aliongoza maombi ya kuipindua hukumu ile hadi yakafika 33, moja tu kabla ya lengo. Dirksen akafariki Septemba 1969 na kampeni ikafifia. Seneta Sam Ervin, aliyekuwa ameiona hatari ya kuingia gizani, aliandaa muswada wa utaratibu: ombi liwe na sura gani, lidumu muda gani, lifutwe vipi, mkutano uitishwe namna gani. Seneti iliupitisha 1971, ikaupitisha tena 1973. Baraza la Wawakilishi halikuugusa.

Muswada wa namna hiyo leo ungehitaji vifungu vichache tu vyenye meno. Ombi lihesabiwe pamoja na mengine ya mada hiyo hiyo pekee. Lifutike wakati wowote kabla ya la 34 kupokelewa. Lizeeke baada ya miaka iliyotajwa, na yale ya karne zilizopita yatangazwe kuwa yamekwisha. Mtunza kumbukumbu wa taifa atoe hesabu kila mwaka, na jimbo lisiloridhika liwe na haki ya kwenda mahakamani kabla ya wito, si baada yake. Uamuzi wa kura za kikao na akidi uandikwe sasa, wakati hakuna upande unaojua kanuni ipi itauneemesha. Convention of States inaogopa kwamba sheria hiyo italipa Bunge usukani wa mkutano uliobuniwa kulikwepa, na Common Cause inaogopa kwamba kutengeneza utaratibu ni kualika mkutano wenyewe. Hofu ya kwanza ni ya kweli, ndiyo maana vifungu vya kikao vingepaswa kuwa vile ambavyo wajumbe wenyewe wanaweza kuvibadili kwa theluthi mbili. Ya pili siikubali: maombi yanaendelea kuja bila kungoja sheria.